Mistari ya Njano

Jumapili, 12 Januari

Injini imetoka! Imelala kwenye chumba changu cha kupigia pasi, juu ya shuka kuukuu, kama mgonjwa aliyelazwa. Mwanangu kaishusha mwenyewe kwa mnyororo na kapi. Bosi wake wa gereji, Fundi Kizibo, alisimama pembeni mikono nyuma. Hakugusa hata bolti moja. Naandika hili hapa ili siku watu wakisema alisaidiwa, mimi nijue nilichokiona.

Gari lenyewe limemzidi umri. Viti viwili tu, pua ndefu, taa zinazoinuka kama macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Alilikuta limetupwa nyuma ya gereji, panya wamezalia kwenye kiti. Kizibo akamwambia chukua, ukiweza kulifufua ni lako. Watu walicheka. Nilicheka mimi pia, lakini changu kilikuwa kicheko cha anayejua amezaa nini.

Kila baada ya miezi kadhaa kuna siku ya uwanja. Watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingiza magari yao kwenye njia ya mbio, wakayakimbiza mpaka roho ipoe. Ijayo ni Machi. Anataka awepo.

Baba yake ameuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, sasa mashati ya watu yatapigwa pasi wapi. Nimemwambia sebuleni. Akauliza yeye atakaa wapi. Nimemwambia kiti cha gari kimeshatolewa, kiko uani, akakalie. Kenda kukikalia kweli! Hadi naandika hivi yuko huko na redio yake, miguu kainyoosha kama bwana mkubwa.

Jumanne, 21 Januari

Mteja wangu mmoja, mwalimu, karudisha shati jeupe. Alama ya kidole gumba cha oili kwenye kola. Kidole cha nani, hata sikuuliza. Nimelitoa lile doa mpaka nikasahau lilikuwa wapi. Doa la kunishinda mimi bado halijazaliwa. Wino, kutu, damu, mchuzi — vyote vimepita mikononi hapa na vimeaga.

Mwanangu alikuwa ananitazama nikitia nyuzi. Kila nguo inayoingia kwangu naitia uzi mdogo ndani ya kola: mwalimu mwekundu, daktari wa meno bluu, wale ndugu wawili wa hoteli kijani, mmoja mshono mmoja, mwingine miwili. Hivyo hata nguo mia zikichanganyika kwenye beseni, kila moja inajua kwao. Kaniuliza kama nimewahi kumpa mtu nguo isiyo yake. Nikamwambia dobi wa namna hiyo si dobi, ni mgawa sadaka.

Kacheka. Kisha kaanza kufikiri. Huyu mtoto akifikiri hufumba jicho moja. Alianza akiwa na miaka mitatu.

Jumamosi, 8 Februari

Wifi yangu kaja. Dada wa mume wangu, mdomo wake hauna mlango. Kaipita injini pale chini, kaiona, kauliza, "Wifi, huyu binti mtamwoza kwa nani, kwa spana?" Nikamwambia mume akija atajipanga foleni nyuma ya spana. Tukacheka. Lakini alipoendelea kusema kwamba binti yake yeye anafanya kazi ofisini, ana kiti kinachozunguka, damu ikanichemka. Nikamwambia Machi mwanangu anakwenda kwenye mashindano ya magari, na kikombe kitakaa pale, juu ya kabati. Nikamwonyesha mahali.

Jioni nikamsimulia mwanangu. Kafumba jicho. "Mama, hakuna kikombe. Hakuna mshindi. Siyo mashindano."

Nikamuuliza sasa wanakimbizana na nani.

Kasema kila mtu anakimbizana na mzunguko wake uliopita. Unakwenda, unarudi, unatazama umejirekebisha wapi. Basi.

Nimelala na neno hilo. Kujishinda mwenyewe na hakuna anayekupigia makofi! Lakini nikiwaza, ndiyo kazi yangu ilivyo. Nani aliwahi kunipigia makofi kwa kola?

Wifi sijamwambia. Kabati nimelipangusa.

Alhamisi, 20 Februari

Imewaka.

Imo ndani ya gari tena. Ilikohoa, ikatema moshi, ikazima. Ikakohoa tena. Halafu ikashika, na vyombo vikatetemeka jikoni. Majirani walitoka. Baba yake kazima redio — baba yake! — akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake kifuani.

Mwanangu hakuruka wala hakupiga kelele. Kaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele kwa niaba yake.

Jumapili, 9 Machi

Gari liko uani, limeinuliwa juu ya stendi nne, magurudumu yote yametolewa kwenda kuvishwa tairi mpya. Wiki moja imebaki. Mwanangu akitoka gereji jioni anaingia chini ya gari, nami naiona miguu yake tu. Nazungumza na miguu. Miguu inajibu mm, mm.

Ana spana moja ndefu, aliazimwa na Kizibo, ya kukazia nati kwa kipimo. Ikifika kiasi chake inalia: tik. Kabla ya tik haijakaza, baada ya tik umezidisha. Nimeizoea hiyo sauti. Nikipiga pasi sebuleni naisikia kupitia dirishani, tik, nami nageuza mkono wa shati. Tunafanya kazi pamoja bila kuambiana.

Wifi nimemwalika Ijumaa aje alione gari. Na Jumapili aje uwanjani na watu wake wote, alasiri, wakishapumzika. Namtaka ashuhudie kwa macho yake.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefanya kazi!

Mwanangu yuko gereji. Nikasema wifi anakuja kesho, hawezi kulikuta gari hivi. Rangi ya nje inang'aa, sawa, lakini pale magurudumu yalipotoka, ndani, kuna vumbi, kuna grisi, na juu ya kila nati mtu kapakaza rangi ya njano, vijistari vijistari, kama mtoto aliyejaribisha kalamu ukutani. Kwenye injini pia. Nikajua ni huko gereji, vijana hawana ustaarabu.

Nikachukua mafuta ya taa, mswaki mzee, matambara. Nilianza baada ya chai, nikamaliza jua likiwa limekwisha hama ukuta. Kila nati nimeitoa doa. Nyingine ile njano ilikuwa imeng'ang'ania, nikaisugua mpaka ikasalimu amri. Sasa ukiinama ukatazama kule ndani utadhani ni vijiko vya harusi.

Baba yake kaja, katazama, kasema, "Una hakika alitaka hivyo?" Nikamwambia nani hataki usafi.

Mwanangu amechelewa leo, kapitia kuchukua tairi. Kala, kalala. Sikumwambia. Namwekea mshangao.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alirudi mapema. Kavaa nguo za kazi, kachukua taa yake, kainama pale gurudumu la mbele lilipotoka. Mimi nipo mlangoni, nangoja sifa. Kaenda mahali pa pili. Kafungua boneti. Kisha akasema polepole, "Mama, nani kaosha hapa?"

Nikajibu kwa maringo, eti nani mwingine.

Kakaa chini. Kakalia tairi mpya, bado ina nailoni yake ya kiwandani, taa bado inawaka mkononi mchana kweupe.

Ile mistari ilikuwa yake. Akikaza nati mpaka spana ilie, anachora mstari mmoja wa njano, unaanzia juu ya nati unavuka mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikijigeuza hata kidogo kwa mtikisiko, mstari unakatika vipande viwili, na jicho linaona papo hapo. Na isiyo na mstari maana yake bado haijakazwa, imeshikizwa kwa vidole tu. Zilikuwepo za namna hiyo. Nyingi. Sasa zote zinafanana. Zote safi.

 Nilielewa kuliko alivyodhani. Ni kama mtu aniingilie chumbani, anitolee nyuzi zangu zote kwenye kola, halafu anikabidhi rundo la mashati meupe akisema, ona nilivyokusaidia.

Angenifokea ningepona. Hakufoka. Alisema tu kwamba labda hataenda Jumapili. Kizibo amesafiri, hakuna wa kumsaidia kurudia yote kwa siku moja, na siku nyingine ya uwanja ni mwisho wa mwaka. Gari la kutembelea ukikosea nati utasikia kelele, utasimama. Kule, kwenye kona, kwa mwendo ule, husimami. 

Na katikati ya hayo, wifi anabisha hodi! Kaingia, kainama, kashika kiuno, kasema kwa kweli gari limesafishwa. Kisha kamwona mwanangu chini na vyombo. Kauliza, "Mbona tena, si mlisema limekwisha?"

Nikasikia mdomo wangu ukijibu kwamba magari ya maana hukazwa mara mbili. Ndiyo utaratibu.

Mwanangu kaniangalia. Hakunisaliti. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Wifi alipoondoka nilikwenda uani. Sikujua niseme nini, basi nikasema la kazini. Nikamwambia siku moja zamani beseni lilinipindukia, nguo zikachanganyika kabla sijazitia nyuzi. Sikubahatisha hata moja. Niliita wenyewe, tukaanza upya, nguo moja moja. "Tuanze upya, nati moja moja. Wewe kaza, mimi nichore."

Kafumba jicho. Kasema Kizibo ana sheria yake: anayekaza si anayechora. Mkono unaokaza umechoka, unajidanganya. Wawe wawili. Yeye kwa kukosa mtu alikuwa anafanya yote peke yake.

Sasa mtu yupo, nikamwambia. Yupo toka siku uliyozaliwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mwili wote unauma. Lakini nimefurahi namna ambayo sijui kuieleza.

Nimelala chini ya gari! Mimi, na unene huu! Baba yake alinivuta miguu kunitoa, akasema amewahi kuhamisha makabati mepesi zaidi.

Mwanangu kanipa kalamu ya rangi, ya njano, ukiibonyeza inatoa rangi kama chaki mbichi. Kabla hatujaanza kanipa masharti. Hapa nayaandika alivyoyasema: "Chora ukisikia imelia. Usipoisikia, usichore, hata mimi nikikuambia chora. Hapo wewe ndiye bosi."

Nimekuwa bosi wa wateja, wa mume, wa majirani wawili watatu. Lakini cheo hiki ni kikubwa. Nimemsikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Tik — nachora. Tik — nachora. Mistari yangu imenyooka kuliko yake, na nimemwambia. Kasema ni kweli. Ni mkono wa uzi na sindano.

Tulianza asubuhi, tukala wima. Yeye kasimulia mambo ambayo miguu haikuwahi kunisimulia. Kwamba pale gereji wateja wakimwona humwuliza fundi yuko wapi. Kwamba haogopi mwendo, anaogopa ile nukta kabla ya breki kushika, unapokanyaga na hujui bado kama itakuitikia. Kwamba kwa ajili hiyo anaipenda mistari. Ni ahadi unayoweza kuiona.

Nami nilizifuta kwa mafuta ya taa.

Moja tu ilinipa taabu. Mbele kulia, nyuma ya kile kibanio cha breki. Nilikuwa nimejikunja vibaya, shingo upande. Baba yake redio inatangaza mpira, ikaingia goli, akapiga yowe la mtu aliyeng'atwa. Mwanangu akasema, "Tayari hiyo." Nikachora. Mkono ulitetemeka, mstari ukatoka na kilemba, umejikunja kichwani. Nilitaka kumwambia turudie, lakini alikwisha hamia nyingine na jua linazama. Nadhani ililia. Ililia. Angekuwa hajaikaza asingesema tayari.

Magurudumu yamerudi. Gari liko chini, limesimama kwa miguu yake. Kesho.

Jumapili, 16 Machi

Naandika hapa hapa uwanjani, nimekaa juu ya tairi la akiba. Nina muda. Kwa nini nina muda, nitafika huko.

Asubuhi mkaguzi alipita kwenye kila gari. Lililotutangulia, jipya, la bei mbaya, limerudishwa kwa ajili ya betri iliyofungwa kwa kamba. La kwetu kainama, kamulika taa, akakaa kule chini muda. Akauliza nani kachora alama. Mwanangu kasema, mama. Yule mtu kanitazama viatu mpaka kitambaa, kasema angetamani wote wachorewe na mama zao. Nikarefuka! Nimemwambia hata muuza kahawa.

Kisha mwanangu akaingia njiani. Helmeti inammeza, yamebaki macho. Nilisimama kwenye uzio, vidole ndani ya waya. Gari linapita, linapotea nyuma ya kilima kidogo, unabaki na sauti tu, na sauti ikishuka roho inashuka nayo, kisha huyo, pua hiyo, anatokea! Kila alipotokea nilihesabiwa upya miongoni mwa walio hai.  Baba yake alikuwa ameshika mkono wangu, na hajanishika mkono mbele za watu toka ujana.

Alirudi amelowa jasho, anacheka kwa meno yote. Kila mzunguko umekuwa bora kuliko uliopita. Msimamizi wa njia kamfuata. Kamwambia anaendesha kwa utulivu, kipindi cha alasiri anaweza kuingia na kundi la wenye kasi. Watu wakamzunguka, wanauliza gari la mwaka gani, nani kajenga injini. "Mimi," anawajibu. Neno moja, bila maringo. Hilo hakurithi kwangu.

Mimi nikafanya kazi yangu. Tulikubaliana: gari likirudi, mama anapita na taa anasoma mistari. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuzwa upande, ndani panaonekana. Kushoto, sawa. Kulia — moja sawa. Ya pili, ile yenye kilemba.

Kipande cha juu kimeenda huku. Cha chini kimebaki kule.

Nikazima taa, nikawasha tena. Nikajiambia ni mkono wangu, nilichora vibaya, kilemba kilikuwepo toka jana. Nikajiambia mkaguzi kaona akapitisha. Nikatazama uzio, na kweli, wifi huyo anaingia getini na binti wa ofisini na watoto na miavuli, anatafuta mahali pazuri. Kipaza sauti kinaita kundi la wenye kasi wajiandae. Mwanangu kashashika helmeti.

Nani angejua? Kamstari ka urefu wa ukucha. Na kama ni mkono wangu tu uliotetemeka, nitakuwa nimemkosesha siku yake mara ya pili ndani ya wiki moja, mbele ya watu wote hao.

Nikamshika mkono. Nikamwambia usiingie. Mbele kulia mstari umekatika.

Hakubisha. Kaweka helmeti chini, kainama, kamulika. Kauliza kama ulikuwa umenyooka jana. Nikamwambia haukunyooka. Nikamwambia na lililobaki: redio ilipiga kelele, sikuisikia ikilia, nikachora.

Kazima taa. Kisha akasema, "Mimi nami nilisema tayari. Kwa hiyo hatujui."

Ndiyo hivyo, hatujui. Na breki imepata moto, haishikiki, lazima ipoe kwanza ndipo spana iwekwe. Ndiyo maana nina muda. Kundi la wenye kasi limeshaingia njiani bila yeye. Linapita, linapiga kelele, linapita.

Wifi katuona. Kaja mpaka kwenye uzio, kaita kwa sauti ya kusikika na wasiohusika: "Wifi! Wenzenu wanakimbia, lenu mbona limelala? Au ndiyo ule utaratibu wa kukaza mara mbili?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari ulimini, yote matamu. Nikayameza. Nikamwambia hakuna utaratibu. Mimi ndiye niliyefuta alama zake Alhamisi nikidhani ni uchafu, na jana nikachora moja bila kusikia. Na kikombe hakuna, hakikuwahi kuwepo.

Wifi kafungua mdomo. Kaufunga. Sijawahi kuona kitu kama hicho toka niolewe. Kisha kaupitisha mwavuli wake juu ya uzio, kasema, mfunike huyo mtoto, jua kali.

Baba yake kaushika. Amesimama nao kando ya gari, redio hakuja nayo.

Gurudumu limetolewa. Mwanangu kagusa chuma kwa nyuma ya kidole, kasema sasa inashikika. Kapiga magoti. Spana ameshaiweka. Akikuta imekaza italia papo hapo, na kosa litakuwa la mkono wangu tu, nitalichukua kwa furaha. "Mama," kaniambia, "sogea. Sikiliza."

Nimesogea na tairi langu. Daftari liko gotini, kalamu ya njano mkono wa kushoto.

Anavuta. Inakwenda.

Nati inakwenda tena — bado haijalia. Kifuniko cha kalamu sijakifungua.